Rangi Iliyoitwa Kisamvu

Mwezi uliopita, katika ukumbi mdogo wa kanisa upande wa mashariki wa Johannesburg, mwanamke aliyekaa nyuma ya meza ya nyuzi alinishika kiwiko kabla hajanitazama usoni. "Hii uzi ni ya kwangu," alisema. Mimi hakunikumbuka, alilikumbuka sweta. Watia rangi ndivyo walivyo, macho yao huanza kwenye nguo, na mtu hufuata baadaye akibahatika. Nilipomtajia jina langu alifunika mdomo kwa kiganja. "Mwajuma! Mutoto ya Tanzania! Na maman yako?" Nikamwambia mama alitutoka miezi mitatu iliyopita. Mama Furaha, Mkongo mwenye meza ile, alinikalisha kwenye kiti chake, yeye akabaki amesimama huku wateja wakipekua mafungu ya uzi mbele yetu. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili. "Vua. Leta nione." Nikalivua sweta, nikampa, nikabaki na blauzi katika ukumbi ule wa baridi. Alipokuwa akiligeuzageuza, mimi nilikuwa nimesharudi kwenye mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mbishi kuliko nilivyo sasa, na mkononi nimefunga kipande cha uzi kinachonuka nazi.

Tulikuwa tukikaa Bertrams, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Gogo, bibi Mzulu mwenye nyumba wetu, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku za mechi vikombe vilikuwa vikilia kabatini. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama na nyuzi zake. Alifuma masweta ya wanafunzi, ya kijivu, maruni na buluu ya giza, kwa uzi ule wa dukani usiokufa hata ukiuchemsha. Watu wa hapa wanaliita jezi. Mama aligoma. "Jezi ni ya mpira," aliwaambia wateja, Wazulu kwa Wasotho, "hili ni sweta," na mwishowe mtaa mzima ukawa unaagiza sweta. Katika miaka yote ile sikumwona akifuma kitu chake mwenyewe. Halafu mwishoni mwa baridi moja alirudi Jumamosi na mfuko wa karatasi, akatoa mafungu ya uzi wa sufu wa kijani kizito, wenye madoa ya dhahabu hapa na pale, akayaweka mapajani na kuyashika tu. Hakuanza kufuma mpaka kesho yake. "Huu ni wangu mimi," alisema, ingawa sikuwa nimeuliza. Nilimjibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Ndivyo tulivyokuwa tukiongea nyumbani, yeye Kiswahili, mimi Kiingereza, kila mmoja akimwelewa mwenzake nusu na kuridhika. Ninaona aibu hata sasa ninapoandika hivyo.

Februari iliyofuata alipata kiharusi. Alikuwa ameshamaliza mgongo, vipande vyote viwili vya mbele, kola na mkono mmoja, akaviunganisha ili aone kama vinamkaa. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na karibu maneno yote, kwa hiyo chumba cha mbele kikabaki na sweta la mkono mmoja na mama wa mkono mmoja. Najua angekuwa wa kwanza kulicheka hilo kama ulimi ungemruhusu. Kiingereza chake kilikwenda, na Kizulu alichokuwa akitaniana nacho na Gogo kikaenda pia. Yaliyobaki yalikuwa maneno machache ya Kiswahili: hapana, wewe, maji, basi. Mimi niliyezoea kujibu Kiingereza nikawa sina lugha ya kuongea na mama yangu isipokuwa ile niliyoidharau. Nikaanza kuiongea, vibaya, kila jioni nikirudi kutoka Sandton, ambako nilikuwa nakaa mapokezi kwenye ofisi moja. Gogo, aliyekuwa akimwangalia mchana, alikuwa akinisikiliza mlangoni na kutikisa kichwa. Yeye mwenyewe hakukijua Kiswahili, lakini alijua nakivunja.

Machi mama akaongeza neno jipya. "Kisamvu," alisema asubuhi moja, wazi kabisa, akinikazia macho. Nilifurahi mpaka nikatoka nje kumwita Gogo. Kisamvu kwetu kilikuwa chakula cha sikukuu, na aliyejua kukitafuta katika mji huu alikuwa mama peke yake. Nilihangaika wiki nzima, nikakipata kwa mama mmoja wa Tanga aliyeletewa kutoka nyumbani kikiwa kimegandishwa, nikapewa na maelekezo ya namna ya kukipika. Nikakipika kwa nazi na karanga. Mama alionja kijiko kimoja, akasukuma sahani. "Hapana." Nikadhani ni chumvi. Wiki iliyofuata nikapika tena, nikapunguza chumvi, nikaongeza nazi. "Hapana. Kisamvu." Mara ya tatu nilipoteza subira. "Mama, si hiki hapa! Umekiomba mwenyewe!" Nilimpigia kelele mgonjwa, sitalificha. Alinitazama namna alivyokuwa akiwatazama wateja waliotaka sweta la kesho leo. Kisha akainama kwa upande wake mzima, akauingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa karatasi chini ya kiti, akavuta ncha ya ule uzi wa kijani, na kuilaza juu ya sahani, katikati ya mboga. Kijani juu ya kijani, na yale madoa ya dhahabu yakilingana na mafuta ya nazi yaliyoelea pembeni. "Kisamvu," alisema. "Wewe." Lile la pili lilikuwa tusi, na nilistahili.

Kumbe uzi ulikuwa umekwisha kabla ya mkono wa pili, na kisamvu lilikuwa jina la rangi. Mfukoni hamkuwa na anwani wala jina la muuzaji, ila tangazo moja lililokunjwa la maonyesho madogo ya uzi katika ukumbi wa shule. Nilikata kipande cha ule uzi, nikakisafisha bila kujua jinsi, nikakifunga mkononi. Niliapa kwamba mama atalivaa sweta lake hata kama nitazunguka nchi nzima. Kufuma sikujua. Gari sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni Nyambura, Mkenya aliyefanya kazi benki katika jengo letu, mtu wa kanisa na mtu wa soksi: alikuwa akifuma soksi wakati wa chakula cha mchana, na tulikuwa hatujawahi kupita salamu. Nilimwendea na kipande changu.

"Kisamvu?" alisema. "Hiyo si mboga?"

"Ni rangi."

"Ni rangi ya mboga. Sawa." Alikinusa, akakunja uso. "Na inanuka mboga. Jumamosi saa mbili nitakuwa hapo kwenu, na tafadhali usinisimamishe kwa geti."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika dunia ambayo mama alikuwa akiiendea peke yake Jumamosi, mimi nikidhani anakwenda sokoni. Nyambura aliendesha kwa mkono mmoja na kushika soksi kwa mwingine, na kila taa za barabarani, robot kama tunavyoziita hapa, zilipowaka nyekundu, alifuma vitanzi vitano. Tulikwenda kwenye kumbi za makanisa, nyumba za maktaba, banda moja nyuma ya duka la miche. Meza zilikuwa chache, na juu yake rangi nisizokuwa na majina yake kwa lugha yoyote. Nilimkuta mzee mmoja aliyetia rangi kwa majani ya mkaratusi na maganda ya vitunguu aliyookota kwa wauza mboga. Nilikuta dada wawili kutoka kitongoji cha Alexandra waliochemsha uzi barazani na kuzipa rangi majina ya mitaa yao, na yule mdogo akaniambia kwamba kijani cha mtaa wao kilitoka vizuri mara moja tu, siku maji yalipokatika akatumia ya mvua. Wote walikishika kipande changu, wakakiinua dirishani, wakatikisa vichwa. "Si wangu," walisema, kwa heshima, kana kwamba ni mtoto wa mtu. Niliwauliza nambari ya rangi, kama nilivyozoea kwenye uzi wa dukani, wakanicheka. Uzi wa kutiwa rangi kwa mkono hauna nambari. Nilianza kuzipenda zile Jumamosi, harufu ya siki na sufu mbichi, na nilijikasirikia kwa kuzipenda, maana nilikuwa nimekuja kutafuta, si kufurahi.

Mama Furaha nilimkuta mara ya kwanza mwezi wa tano, kwenye meza ya pembeni kabisa, karibu na vyoo. Nilikuwa nimechoka kusikia "si wangu", nikapita na kipande changu, nikakilinganisha kimyakimya na kila kijani alichokuwa nacho. Hakuna kilichofanana. Fungu moja lilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, Sombe, nikadhani ndilo jina la ukoo wake. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipomsikia akiongea Kiswahili kwenye simu, nikarudi mbio na furaha yote. Nilimwamkia shikamoo. "Bonjour, mutoto," alijibu.

"Mama, una rangi inayoitwa kisamvu?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, namuona mpaka leo. "Kisamvu? Hapana. Hiyo siko nayo."

Nikamshukuru, nikaenda zangu. Mwezi huohuo nilimpita tena kwenye maonyesho mengine, tukapungiana mikono.

Ilikuwa Juni, katika ukumbi usio na hita, Nyambura na mimi tumeshamaliza meza zote na tumekata tamaa ya siku ile, ndipo tulipopita tena kwa Mama Furaha, safari hii pia karibu na vyoo. Alikuwa akila. Alikuwa amefungua kopo la chakula mapajani, mvuke ukitoka, na harufu ya majani na mawese ikanifikia kabla sijaona kilichomo. "Aa, mama, kisamvu!" nilisema, kama mtoto aliyeona pipi.

"Kisamvu njo nini?" aliuliza. "Hii ni sombe."

Nilitazama kopo. Nikatazama meza, kile kikaratasi cha Sombe. Nikatazama kopo tena. Nyambura alielewa kabla yangu, akakaa juu ya sanduku la nyuzi na kushika kichwa. "Eish, Mwajuma. Miezi yote hii! Na sisi sote hapa tunaongea Kiswahili!"

Nilifungua kipande mkononi kwa meno, nikampa. Mama Furaha alikichukua, akakivuta, akakisokota kati ya kidole gumba na cha shahada. "Njo yangu," alisema. "Ya mwaka jana. Nilipika moja tu vile." Kisha akanitazama vizuri. "Kulikuwa na maman mumoja, alisoma hii karatasi, akacheka yeye peke yake hapa mbele ya meza. Nikamuuliza, unacheka nini? Akaniambia, nacheka njaa." Hapo nililia. Nilikuwa sijalia tangu Februari, na nikalia mbele ya choo cha wanawake, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mama kabisa, nami nilikuwa nimeshaanza kuisahau.

Lakini kumpata mtia rangi si kuipata rangi. Lile fungu aliloliandika Sombe mwaka ule lilikuwa la sufuria nyingine, kijani chenye umanjano, ndiyo maana kipande changu kililikataa. Alinialika uani kwake, ng'ambo ya uwanja, na Jumamosi tatu nilikaa juu ya kreti nikimtazama akimimina rangi na siki, akishusha moto, akipandisha moto. La kwanza lilitoka la manjano mno. La pili lilitoka kama sare ya shule, na najua mama angelirudisha dukani. La tatu lilitufanya tushangilie likiwa limelowa, lakini lilipokauka, tukaliweka kando ya kipande cha zamani, hata kipofu angeona ni rangi mbili tofauti. "Sombe ya leo na sombe ya jana, haifanane," alisema bila majuto. "Moto, maji, mukono yangu. Ile ya zamani haiko tena, mutoto." Halafu akanieleza namna watu wa kazi wanavyofanya. Unafumua sweta lote. Unafuma upya, mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya mpya, mpaka mwisho. "Jicho itachoka kutafuta," alisema.

"Hapana," nilisema. "Hiyo ni kazi ya mwisho ya mikono yake miwili. Sitaifumua."

Alisokota lile fungu la tatu, akalitia mfukoni mwangu, akarudi kuosha sufuria yake.

Basi nikajifunza kufuma ili nifume mkono mmoja tu. Nyambura alinifundisha ofisini, chini ya kaunta, na alikuwa mwalimu mkali. Niliufuma mkono ule kwa uzi mpya, ukatoka mgumu na mfupi kidogo, nikaushikiza kwenye sweta kwa pini na kumletea mama Jumapili asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka kitini kwake. Nilijiambia kwamba tofauti haionekani. Mama alilitazama. Alitazama mkono alioufuma yeye, akatazama wangu, akarudi kwenye wake. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, nami nikadhani anataka kulipapasa. Alitafuta shingoni mpaka akapata fundo la mwisho alilolifunga yeye mwenyewe, akalipeleka mdomoni, akalikata kwa meno na kuvuta. Kola ikaanza kwenda, kitanzi kwa kitanzi.

"Mama, hapana! Usifanye hivyo, tafadhali!"

"Fumua," alisema. Neno hilo hakuwa amelisema tangu augue. Nilimshika mkono, akaung'oa. "Fumua, wewe!"

Nilimkasirikia siku ile kuliko siku yoyote. Nilikuwa nimekusudia kuihifadhi kazi yake, naye alitaka nguo. Sasa nimezeeka kidogo, naona kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeanza kumtunza kama marehemu, na yeye bado alikuwa na baridi mabegani. Siku ile sikuona hivyo. Niliona tu kwamba anavuta, na kwamba uzi utajifunga mafundo nisipoupokea, kwa hiyo nikapiga magoti na kuupokea. Ilituchukua jioni tatu. Yeye alivuta, mimi nilizungusha kwenye mgongo wa kiti, na uzi ulikuja na mikunjo ya kila kitanzi alichokifuma akiwa mzima. Niliuosha, nikauning'iniza uani na kufunga vijiko chini yake, Gogo akauliza kama tunakausha vijiko. Asubuhi ulikuwa umenyooka.

Nilifuma kuanzia mwisho wa Julai, Agosti na Septemba nzima. Mistari miwili ya zamani, miwili ya mpya. Mbele, kila upande wa vifungo, mama alitaka msuko uleule aliokuwa ameufuma mwanzo, akanionyesha kwa kusuka kamba tatu za viatu kwa mkono mmoja na meno. Alikaa na madonge yote mawili mapajani, akinipa moja baada ya jingine, na nikichanganya aliniambia "wewe" kwa namna tatu tofauti. Pindo la mkono wa kushoto alinifumulisha mara mbili kwa ajili ya kitanzi kimoja. Nilimwambia hakuna mtu atakayeona. "Hapana," alisema, na mimi nikafumua. Kiswahili changu kilinyooka miezi ile, maana huwezi kugombana na mtu kwa lugha usiyoijua.

Tulimaliza Oktoba, mijakaranda imeshatoa maua na joto limeingia. Nilimtandikia sweta mapajani ili alikague. Alipitisha kidole mgongoni, mikononi, kwenye mapindo, akapanda nalo mbele pole pole, na kwenye kifungo cha tatu kidole kikasimama. Kilisimama muda mrefu. Nilisubiri aniambie "fumua". Nilikuwa na siku mbili sijalala vizuri, vidole vimechubuka, na najua uso wangu ulionyesha. Mama aliniangalia. "Basi," alisema, akanyoosha mkono ili nimvalishe. Alikaa nalo uani mchana kutwa, jasho likimtiririka, Gogo akimsihi alivue na yeye akijibu "hapana" kama malkia. Alilivaa baridi kumi na tatu. Alijifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto peke yake, kuanzia chini, na hakupenda kusaidiwa.

Kule ukumbini, Mama Furaha alimaliza kuligeuza sweta. "Ya zamani njo gani?" aliniuliza, nikamwambia hata mimi sijui tena. Alicheka kwa kujisifu, maana ushauri ulikuwa wake. Kisha akalivuta karibu na macho, mbele, upande wa vifungo. "Hapa ulipotea."

Niliinama. Kando ya kifungo cha tatu msuko mmoja ulikuwa umepinda kushoto, na mingine yote, juu na chini, ilipinda kulia. Nilikuwa nimelivaa wiki nzima na sijauona. Ukishauona huoni kingine.

"Maman hakuona?"

"Aliona," nilisema. Kila asubuhi, baridi kumi na tatu, kidole gumba chake kilipita pale.

"Na hakukuambia ufumue?"

Nilitikisa kichwa. Alinipigapiga bega, akachukua sindano mezani. Alisema si kazi kubwa, anashusha vitanzi vichache tu, anaurudisha msuko upande wake, nisubiri nikinywa chai.

"Hapana," nilimwambia, nikalichukua sweta, nikalivaa na kuanza kufunga vifungo kutoka chini. Nilipofika cha tatu niliupata kwa kidole bila kutazama. "Basi."